Usafishaji wa mwili huanzia chooni: jinsi ya kulisaidia ini, figo na utumbo

Mwili hausubiri juisi ya siku tatu ndipo uanze kujisafisha. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kila dakika hupitisha karibu lita moja na nusu ya damu. Sehemu kubwa ya damu hiyo, kama robo tatu, hutoka moja kwa moja kwenye viungo vya kusaga chakula. Figo nazo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, zikarudisha karibu yote kwenye damu na kuacha lita moja hadi mbili zitoke kama mkojo. Kazi hiyo inaendelea sasa hivi unaposoma. Hakuna wa kuianzisha. Kilichobaki kwako ni kujua inakwama wapi, na ni mzigo gani unaoweza kuipunguzia.

Watu wengi huanza na ini: chai hii, kidonge kile. Sisi tunashauri uanze upande wa pili kabisa, yaani chooni, na sababu yake ni namna ini lenyewe linavyofanya kazi.

Uchafu wa ini unatokea wapi

Dawa, pombe au homoni iliyomaliza kazi yake ikifika kwenye ini, hupita hatua mbili. Kwanza, vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450 huibadili umbo ili ipate mahali pa kushikika. Hatua hii ina hatari yake, kwani kinachozalishwa mara nyingine huwa kikali kuliko kilichoingia. Ndipo inakuja hatua ya pili: ini hukifunga kitu hicho na kingine, kama asidi ya glukuroniki, salfeti, glaisini au glutathioni, ili kiyeyuke kwenye maji na kipoe ukali. Baada ya hapo vitu vyenye molekuli ndogo huenda kwenye figo kupitia damu, na vyenye molekuli kubwa humwagwa kwenye nyongo. Nyongo huingia utumboni, na utumbo ndio wenye mlango wa nje.

Hapo katikati ndipo mambo huharibika. Baadhi ya bakteria wa utumbo wana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, ambacho hufungua kile ambacho ini lilikuwa limekwisha kufunga. Kikifunguliwa, sehemu yake hufyonzwa tena na kurudi kwenye ini, kazi ianze upya. Asidi za nyongo zenyewe hurudishwa kwa kiasi cha asilimia 95 kila mzunguko. Kinyesi kikikaa utumboni siku nne au tano, mzunguko huo unapata muda mrefu zaidi. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama za oti na maharage, hunasa sehemu ya asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini hulazimika kuchukua kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyingine. Ndiyo maana oti hushusha kolesteroli.

Wiki mbili za kwanza: rekebisha choo

Kupata choo mara tatu kwa siku ni kawaida, na mara tatu kwa wiki pia ni kawaida, ilimradi kinatoka bila kujikaza na unabaki na hisia ya kumaliza. Angalia umbo. Kipimo cha Bristol, kilichochapishwa mwaka 1997, kinagawa choo katika aina saba: ya 1 ni vidonge vigumu vilivyotengana, ya 2 ni donge lenye vifundo, ya 3 ina umbo la soseji yenye nyufa, ya 4 ni laini na nyororo, ya 5 ni vipande laini, ya 6 ni uji wenye mabonge, ya 7 ni maji matupu. Unatafuta 3 au 4. Ukiwa na 1 au 2, maji yote yamenyonywa kwa sababu kinyesi kimekaa mno.

Ukitaka kujua kasi ya utumbo wako, kula nusu kikombe cha punje za mahindi matamu bila kuzitafuna sana, andika saa, kisha usile mahindi tena mpaka uyaone chooni. Siku moja hadi tatu ni sawa. Yakipita siku tatu, utumbo wako unakwenda polepole.

Utumbo mpana una saa zake. Husukuma kwa nguvu zaidi asubuhi baada ya kuamka na mara tu chakula kinapoingia tumboni. Kwa hiyo: amka, kunywa kitu cha moto, kula kifungua kinywa, na ndani ya nusu saa keti chooni hata kama hujabanwa. Kama choo chako ni cha kukaa, weka miguu juu ya kistuli cha sentimita 20 hivi ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Kuna msuli unaolivuta puru kama kitanzi ili lisivuje. Ukichuchumaa, msuli huo hulegea na njia hunyooka. Pumua kwa tumbo, usibane pumzi. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka uendelee na shughuli zako. Kukaa na simu nusu saa nzima huongeza shinikizo kwenye mishipa ya haja kubwa, na bawasiri hupatia nafasi hapo.

Ukibanwa, nenda. Anayezuia haja kila siku hulizoesha puru kutokuhisi, na baada ya miezi kadhaa ishara yenyewe hufifia.

Kama choo bado ni kigumu, kuna vyakula viwili vilivyopimwa kwa majaribio na vikaleta nafuu: kiwi mbili za kijani kila siku, au plamu kavu gramu 50 asubuhi na gramu 50 jioni. Plamu zina sorbitoli, sukari ambayo haifyonzwi yote, hivyo huvuta maji utumboni. Gramu 100 kwa mkupuo mmoja zinaweza kukuharisha, kwa hiyo zigawe.

Njia nyingine ni isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji. Anza na kijiko kimoja cha chai ndani ya mililita 250 za maji, koroga na unywe papo hapo kabla hayajawa jeli, kisha fuatisha glasi nyingine. Hapa kosa ni moja na ni la hatari: kuyameza na maji machache. Yanaweza kuvimba kooni na kumkaba mtu, au kuganda utumboni na kuongeza tatizo. Mwenye shida ya kumeza asiyatumie kabisa. Dawa zako zimeze angalau saa mbili kabla au baada yake, la sivyo zitanaswa humo.

Nyuzinyuzi: kiasi, na kwa nini tumbo hujaa gesi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa chakula cha nafaka zilizokobolewa, nyama na vitafunwa vya viwandani, wengi hawafiki hata 15.

Nyuzinyuzi hazisagwi na mwili wetu. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Bakteria wasipopata nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoulinda ukuta huo na kuula.

Hesabu ya siku si ngumu. Oti kavu gramu 50 zina gramu 5 za nyuzinyuzi. Tufaha moja na ganda lake, gramu 4. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, kama 7. Nusu kikombe cha adesi, 7 au 8. Nusu parachichi, 5 hadi 6. Ndizi mbivu moja, 3. Kikombe cha brokoli iliyopikwa, 5. Kikombe cha wali mweupe hakifiki hata gramu 1. Wa mchele usiokobolewa una 3 na nusu hivi. Mbegu za chia vijiko viwili vya chakula, kama 8 hadi 10. Utaona kwamba jamii ya maharage ndiyo inayobeba mzigo. Mtu anayekula maharage, adesi, dengu au choroko kila siku hana haja ya kununua nyuzinyuzi za kopo.

Usitoke gramu 12 ukaruka hadi 30 kwa siku moja. Bakteria wanaozila hawajazaliana vya kutosha, gesi inakuwa nyingi kuliko utumbo unavyoweza kuiondoa, tumbo linauma, na mtu anaamua kwamba "nyuzinyuzi hazinipatani". Ongeza gramu 5 kwa wiki: wiki ya kwanza nusu kikombe kidogo cha maharage, ya pili badilisha mkate mweupe kwa usiokobolewa, ya tatu ongeza tunda lenye ganda, na kadhalika. Ongeza na maji, kwani nyuzinyuzi bila maji hufanya choo kiwe kikubwa na kikavu. Gesi kidogo katika wiki mbili za mwanzo ni dalili kwamba kazi inafanyika. Maumivu makali si kawaida. Rudi hatua moja nyuma ukae hapo wiki nzima.

Maharage yakipikwa vizuri hupunguza nusu ya malalamiko. Loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, katika maji mara tatu ya ujazo wake. Mwaga maji hayo yote, suuza, pika kwa maji mapya. Sukari za rafinozi na stakiozi, ambazo ndizo chanzo cha gesi, hutoka kwa sehemu na maji ya kulowekea. Maharage mekundu yana jambo la ziada: yana lektini inayoweza kukutapisha na kukuharisha saa chache tu baada ya kula mabichi au yasiyoiva. Yatokote kweli kweli, mapovu makubwa, kwa dakika 30, halafu ndipo upunguze moto yaendelee kuiva. Kuyapika toka mwanzo hadi mwisho kwa moto mdogo usiofikia kutokota ni hatari zaidi, kwani joto la chini halivunji lektini hiyo na linaweza kuiongezea nguvu.

Viazi na wali vikipikwa vikapoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa aina isiyosagika, nayo huwa chakula cha bakteria kama nyuzinyuzi. Ila wali usiuache mezani upoe usiku kucha. Vijimbegu vya *Bacillus cereus* huvumilia kupikwa, na vikiachwa kwenye joto la chumba huzaliana na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia, upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja.

Kuna watu ambao maharage, vitunguu na ngano huwatesa hata wakienda taratibu. Mara nyingi hao wana utumbo mwepesi kuhisi, na kwao kuna utaratibu uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia: kuondoa vyakula vya namna hiyo kwa wiki 2 hadi 6 na kuvirudisha kimoja kimoja ili kumjua mkosaji. Ufanye na mtaalamu wa lishe. Kukaa nao maisha yote huwanyima bakteria chakula.

Kabichi ya kuchachua nyumbani

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la wiki kumi lenye watu wazima 36. Kundi moja liliongeza nyuzinyuzi, jingine likaongeza vyakula vilivyochachuliwa: mtindi, kabichi iliyochachuliwa na vinginevyo. Waliokula vilivyochachuliwa waliongeza aina za bakteria utumboni, na protini 19 zinazohusiana na uvimbe mwilini zikashuka kwenye damu. Jaribio ni dogo, lakini lilifanywa kwa makini, na chakula chenyewe unaweza kukitengeneza kwa kisu na chupa.

Chukua kabichi iliyokaza, toa majani ya nje na kiini, osha mikono na vyombo, ikate nyembamba. Pima gramu 1,000 za kabichi iliyokatwa, na gramu 20 za chumvi. Tumia mizani, kijiko hudanganya kwa sababu chumvi ya mawe na laini hazilingani ujazo. Chini ya asilimia 2 bakteria waharibifu hupata nafasi na kabichi hulainika. Ikizidi sana asilimia 3 uchachu huchelewa na huwezi kuila kwa raha.

Nyunyiza chumvi, iache dakika 20, halafu ikande kwa mikono dakika 5 hadi 10. Itanywea, itabadilika rangi kutoka nyeupe iliyofifia hadi kijani kinachong'aa kidogo, na ukiikamua kiganjani maji yatachuruzika kati ya vidole. Ishindilie kwenye chupa ya kioo ya lita moja na nusu, kidogo kidogo, ukiikandamiza kwa ngumi mpaka hewa itoke na maji yapande juu yake. Acha nafasi ya sentimita 4 juu. Funika uso kwa jani zima la kabichi, juu yake weka kitu kizito kilicho safi, kama chupa ndogo ya kioo iliyojazwa maji. Sharti moja lisilo na mjadala: hakuna kipande kinachoelea juu ya maji. Bakteria tunaowataka hawahitaji hewa, ukungu unaihitaji. Kama baada ya siku moja maji hayajafunika, yeyusha gramu 20 za chumvi kwenye lita moja ya maji uongezee.

Iweke mahali penye nyuzi joto 18 hadi 22, mbali na jua. Weka sahani chini, kwani siku ya pili au ya tatu itatoa mapovu na kufurika. Kama mfuniko umefunga, uulegeze mara moja kwa siku wiki ya kwanza, gesi itoke. Wanaoanza kazi ni *Leuconostoc*, wanaotoa gesi nyingi. Asidi ikipanda wanakufa na kuwaachia *Lactobacillus* wanaomalizia. Onja kuanzia siku ya saba. Kwa nyuzi 20, wiki mbili hadi nne zinatosha. Penye joto zaidi itawahi, ila italainika na ladha yake haitakuwa na kina. Ukiwa na karatasi za kupimia asidi, pH iwe chini ya 4.6, iliyokomaa hufika karibu 3.5. Ikikupendeza, iweke kwenye friji.

Utando mweupe bapa juu ya maji ni hamira ya mwitu: haudhuru, uondoe kwa kijiko na ushindilie upya. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu; mwaga chupa nzima. Ute unaovutika au harufu ya kuoza, mwaga pia. Harufu kali ya kabichi siku za mwanzo haina shida.

Anza na kijiko kimoja cha chakula kwa siku, uende hadi vijiko vinne au vitano. Uile mbichi, usiipike, kama unataka bakteria walio hai. Gramu 50 zina gramu moja ya chumvi, kwa hiyo ihesabu kwenye gramu 5 za chumvi ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizizidishe kwa siku. Mtu mwenye kinga iliyoshuka sana, mathalani aliye kwenye tiba ya saratani au aliyepandikizwa kiungo, amuulize daktari wake kwanza.

Kuhusu vidonge vya bakteria baada ya antibiotiki: utafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliovitumia walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Kinacholinda zaidi ni kutotumia antibiotiki kwa mafua na maradhi mengine ya virusi, ambayo haziyatibu.

Kulipunguzia ini mzigo

Hapa kuna mambo machache yenye uzito, na mengi yanayouzwa.

Pombe ndiyo ya kwanza. Ini huvunja kiasi cha kinywaji kimoja kidogo kwa saa, gramu 10 hivi za pombe, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayoongeza kasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Lakini anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake: anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na akafa. Aache chini ya uangalizi wa daktari.

Mafuta kwenye ini ni ya pili, na siku hizi yako kwa watu wasiokunywa kabisa. Yanatokana na sukari na nishati nyingi kuliko mwili unavyotumia. Vinywaji vyenye sukari ndivyo vya kuondoa mwanzo kabisa, na juisi za matunda zimo. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta kwenye ini. Asilimia 7 hadi 10 hupunguza na uvimbe wake. Usizidishe kasi: kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea, na huharakisha utumbo pia.

Ya tatu ni paracetamol. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo ni gramu 4 kwa saa 24. Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuzwa na ini kuwa sumu, na glutathioni huikamata mara moja. Dozi ikizidi, glutathioni huisha na seli za ini hufa. Tatizo huingia kimyakimya: mtu anameza vidonge vya kichwa, na juu yake dawa ya mafua ambayo nayo ina paracetamol. Soma karatasi ya kila dawa. Aliyezidisha aende hospitali saa ileile hata kama hana dalili, kwani dawa ya kuokoa ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Upande wa chakula, jamii ya kabichi, yaani kabichi, brokoli na koliflawa, ina jambo la kipekee. Ikikatwa, kimeng'enya cha mirosinasi hukutana na kemikali nyingine ndani ya jani na kutengeneza sulforafani, ambayo huamsha vimeng'enya vya hatua ya pili ya ini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lenye watu 291 huko Qidong nchini China, waliopewa kinywaji cha machipukizi ya brokoli kwa wiki 12 walipandisha utoaji wa mabaki ya benzini kwenye mkojo kwa asilimia 61. Moto huua mirosinasi. Kwa hiyo kata brokoli vipande vidogo, iache dakika 40, ndipo uipike kwa mvuke dakika 3 au 4. Kama umesahau, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha unga wa haradali kwenye iliyoiva. Unga huo una kimeng'enya kilekile. Machipukizi mabichi yaogopwe na wajawazito na wazee, kwa kuwa hubeba salmonela kwa urahisi.

Protini isipungue. Glutathioni hutengenezwa kwa viini vya protini, na ndiyo sababu mfungo wa juisi peke yake huliondolea ini malighafi ya kazi ambayo mfungo huo unadai kuisaidia. Kahawa bila sukari, vikombe viwili au vitatu, inaambatana na ugonjwa mdogo wa ini katika tafiti nyingi. Anayeinywa tayari hana sababu ya kuacha.

Na nafaka, mahindi au karanga zenye ukungu zitupwe. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na kuchambua zinazoonekana mbaya hakukuhakikishii kwamba zilizobaki ni salama.

Figo: maji, chumvi na dawa za maumivu

Jumla ya lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula, huwatosha wengi. Joto na kazi ngumu huongeza. Mkojo wa manjano hafifu unaonyesha umetosha. Ukiwa mweupe kama maji siku nzima, unazidisha. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Anayekunywa lita kadhaa kwa mkupuo "kujisafisha" hushusha sodiamu ya damu, akaumwa kichwa, akatapika, na hali ikizidi akapoteza fahamu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari.

Ibuprofen na diclofenac hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukiwa unaharisha au kutapika, usizitumie, hasa kama unameza dawa za shinikizo la damu.

Usivyopaswa kununua

Ile "safisha ya ini" ya mafuta ya zeituni na limau, ambayo kesho yake mtu huona mawe ya kijani chooni, imechunguzwa. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walieleza kwenye jarida la *The Lancet* kwamba mawe hayo hayakuwa na kolesteroli wala rangi ya nyongo. Yalikuwa sabuni, iliyoundwa tumboni kwa mafuta yaleyale na potasiamu ya limau. Mwenye mawe ya kweli anaweza kusukuma moja likaziba mrija wa nyongo.

Kuoshwa utumbo kwa bomba kumewatoboa watu utumbo, na kahawa kupitia njia ya haja kubwa imewaunguza na kuvuruga chumvi za damu. Ukuta wa utumbo hujibadilisha seli zake kila baada ya siku chache. Hauna uchafu ulioganda miaka. Mkaa ulioamilishwa hutumika hospitalini kwa aliyemeza sumu, ndani ya saa moja hivi. Ukiunywa kila siku hunasa dawa zako, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo, na kufunga choo. Chai za kupunguza tumbo mara nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: uzito unaopungua ni maji.

Vidonge vya dondoo la chai ya kijani si sawa na kikombe cha chai. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza mwaka 2018 kwamba gramu 0.8 za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kwa siku au zaidi, kutoka kwenye vidonge, zinaweza kupandisha vipimo vya kuumia kwa ini. Vidonge vya bizari ya manjano vilivyoongezwa pilipili manga navyo vimehusishwa na homa ya ini. Juisi za kila siku za mchicha mwingi mbichi zina oksalati, na kuna watu figo zao zimefeli kwa ajili hiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito pamoja na choo kilichopauka, damu chooni au choo cheusi kama lami, uzito kushuka bila sababu, kuvimba miguu, tumbo kuuma likaambatana na kutapika na kukosa choo wala upepo: hayo yaende siku hiyohiyo au kesho yake. Choo kikibadilika tabia kwa zaidi ya wiki tatu, hasa baada ya umri wa miaka 45, kipimwe.

Hata bila dalili, muulize daktari kuhusu kipimo na chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha homa ya ini C, vimeng'enya vya ini, kreatinini (kipimo cha figo), na protini kwenye mkojo ukiwa na kisukari au shinikizo la damu. Nenda na makopo yenyewe ya kila kitu unachotumia, pamoja na majani na unga wa tiba za asili, maana jina la mbele ya kopo mara nyingi halitaji yote yaliyomo, na daktari anahitaji kusoma upande wa nyuma.